Ghorofa Mkomani au fleti Malindi: jirani yupi utamweza?

Mpwa wangu yuko Doha mwaka wa saba sasa. Pesa ameweka, na kila akipiga simu swali ni lile lile: "Mjomba, tujenge wapi?" Mbele yake kuna njia mbili. Moja ni nyumba ya marehemu bibi yake, Mkomani, ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambayo anataka kuipandishia ghorofa yenye vyumba vinne vya kupangisha. Nyingine ni kiwanja cha Malindi ambacho dalali anasema "kiko safi, ni kuchimba msingi tu". Huko anataka kusimamisha fleti nane.

Wengi wakilinganisha mambo kama haya huanza na bei ya mawe na saruji. Mimi huanza na mtu wa nyumba ya pili. Nimechora ramani za watu kwa muda mrefu, na zile nyumba unazoziona zimesimama nusu, vyuma vimeota kutu juu ya nguzo, nyingi hazikukosa saruji. Zilikosa maelewano na jirani, au zilikosa karatasi ambayo jirani aliijua kuliko mwenye nyumba.

Sheria ni moja, milango si sawa

Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, upangaji wa miji ni kazi ya kaunti. Lamu ni kaunti yake yenyewe; Malindi iko chini ya Kaunti ya Kilifi. Kote kuwili inatumika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hakuna ruhusa kujenga kabla kaunti haijakubali, na anayejenga kimyakimya anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote pamoja. Anayeomba ruhusa anatakiwa kuutangazia umma, na tangazo lenyewe liwaalike watu walete pingamizi zao. Uamuzi ukitoka, asiyeridhika, awe mwenye kiwanja au jirani, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti, nayo kamati imepewa siku 14 kuamua. Wakishindwana hapo, njia inaelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kuna kifungu kingine ambacho watu hukipenda sana: zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Hicho nakitilia neno. Kaunti ikinyamaza haina maana Makumbusho ya Taifa, inayolinda majengo ya kale, imenyamaza, wala mamlaka ya mazingira, wala jirani. Atakayemwaga zege siku ya 61 kwa kutegemea kimya ajiandae kumweleza hakimu kwamba maombi yake yalikuwa kamili, yalipokelewa, na yana muhuri wenye tarehe. Weka nakala. Weka nakala ya nakala.

Malindi, mlango mkubwa ni kaunti. Kiwanja kimewekwa katika kundi la matumizi, kwa mfano makazi ya familia moja, biashara au kilimo. Ukitaka fleti nane mahali palipoandikwa nyumba moja au shamba, huko ni kubadilisha matumizi, na maombi yake ni ya peke yake, hayaingii ndani ya ramani ya jengo. Ukitaka kubaki na makazi lakini uongeze duka au vyumba vya wageni, ni kuongeza matumizi. Na kama matumizi hayabadiliki ila jengo linapita kimo, au linakula kiwanja kuliko kiwango cha mtaa, unaomba ulegezewe kanuni. Marekani, ambako New York ilianza kuugawa mji wote kwa kanda mwaka 1916, kulegezewa huko kuna mabaraza yake na majirani huenda kusema waliyo nayo mbele ya watu. Kwetu mambo hayo huamuliwa na ofisi ile ile inayotoa ruhusa ya kujenga, na jirani hupata habari kwa ubao uliopigiliwa kiwanjani au kwa tangazo la gazeti, akibahatika kuliona kabla gazeti halijafungiwa bajia.

Lamu milango ni miwili. Mji wa Kale ulitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO wakauingiza katika Urithi wa Dunia. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi. Ndani yake huendi kaunti peke yake. Lazima upite pia kwa Makumbusho ya Taifa, maana jengo lililolindwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 halibomolewi wala haligeuzwi bila idhini. Wanaangalia kimo, vifaa vya kujengea, madirisha, na uso wa nyumba unaotazama usita, yaani kichochoro. Nje ya eneo hilo, huko Wiyoni au Kashmir au Kandahari, mkono umelegea zaidi, na matokeo yake unayaona ukisimama juu ya paa lolote la Mkomani na kugeuka nyuma.

Jirani wa Mkomani anaogopa nini

Pingamizi la Lamu karibu siku zote ni la jicho.

Nyumba ya kale ya Lamu inatazama ndani. Ukuta wa nje ni mzito, madirisha ni machache. Mgeni anaishia dakani, ukumbi wa mlangoni, au anapandishwa sabule, chumba cha wageni. Mwenye ruhusa ya kuendelea ndiye anayepita tekani, kiwandani, msanani, hadi ndani kabisa. Kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi juu. Hapo ndipo hewa na mwanga huingilia, na hapo ndipo wanawake wa nyumba hukaa, hufua, huchana nywele, bila buibui. Sasa mtu akipandisha ghorofa ubavuni mwako na kufungua dirisha upande wa kiwanda chako, amekuvunjia nyumba bila kugusa jiwe lake hata moja. Ndiyo maana utamwona mzee anakubali ghorofa zima, halafu anapigana miezi sita na dirisha la futi mbili. Vijana wanaotoka na shahada ya usanifu humcheka. Mimi simcheki, kwa sababu mzee huyo anaijua nyumba kuliko wao.

Kupandisha kwenyewe si ugeni. Wazee walipandisha. Binti akiolewa alijengewa juu ya wazazi wake, au alipewa nyumba ng'ambo ya usita na zote mbili zikaunganishwa kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia. Kwa hiyo atakayekuambia ghorofa ni mambo ya kuja, mwonyeshe wikio. Ila wale waliwapandishia watu wao, na aliyechungulia kiwanda kutoka juu alikuwa mtoto wa nyumba. Mpwa wangu anataka kuweka juu wapangaji, na hapo jirani anauliza swali ambalo haliko katika fomu yoyote ya kaunti: watakaokaa huko ni nani?

Swali hili huwakosesha watu usingizi kuliko kimo. Watu wameshaona nyumba zikigeuzwa za wageni: makuti juu ya paa, viti vya uvivu, muziki, chupa, na mtu aliyevaa nguo ya kuogelea anaota jua mkabala na nyumba ambayo bibi yake anaswali. Jirani anaweza kukusainia leo kwa kuwa karatasi imeandikwa makazi. Siku utakapoweka picha ya kitanda mtandaoni ataenda kaunti kusema umebadilisha matumizi, na atakuwa na haki. Kama nia yako ni wageni wa siku tatu tatu, itamke mapema, na uombe kwa jina lake. Makuti ya juu nayo yana hofu yake peke yake, moto. Usita hauingii gari la zimamoto, na cheche haiulizi mpaka uko wapi.

Halafu kuna mzigo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, na sakafu hubebwa na boriti za mikoko. Chumba cha kale ni kirefu na chembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Aghalabu ukuta ni mmoja kwa nyumba mbili, huku kwako na huku kwa jirani. Ukiuwekea bamba la zege juu, mpasuko hauna haja ya kutokea kwako. Unaweza kutokea upande wa pili, kwenye zidaka za watu, vile vishubaka vya ukutani. Tena saruji ikipakwa juu ya chokaa hufungia unyevu na chumvi ndani, baada ya misimu michache plasta inaanza kumenyeka kama ngozi ya muwa. Ofisi ya uhifadhi ikikukatalia zege usiione ina roho mbaya. Na jirani akija na fundi wake kupima ukuta kabla hujaanza, mpe kahawa, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuokoa akija kudai baadaye kwamba ufa wa mwaka 1990 ni wako.

Kukubali boriti na chokaa kuna gharama. Mawe hukatwa Maweni, kisiwani Manda, na kuvushwa kwa mashua. Boriti ziko, maana mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini ni lazima ziwe za kibali: mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, na mikoko ikaingia humo, kazi nyingi za hapa zilisimama ghafla. Kutoka gatini mzigo ni wa punda na mahamali. Na mchanga ukifika, unamwagwa wapi? Usita ni wa watu wawili kupishana. Utamwagwa kwenye baraza ya mtu, kwa hisani yake. Nimeona kazi ya ghorofa ikisimama wiki mbili kwa sababu ya rundo la mchanga lililowekwa mlangoni pa jirani siku ya arusi.

Choo na maji sitavikawiza. Vyumba vinne vipya ni vyoo vinne vipya, na maji ya mji huu hutegemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Jirani mwenye kisima cha uani atauliza shimo lako liko umbali gani, nawe uwe na jibu lenye futi. Na kwa kuwa tumevitaja vilima: ukipewa kiwanja rahisi huko juu yake, kimbia. Huko hutapingwa na jirani mmoja, utapingwa na kila anayekunywa maji mjini Lamu.

Kisha yuko jirani aliye mgumu kuliko wote, mrithi mwenzako. Nyumba ya bibi haijagawanywa, na kabla ya ramani yoyote kuna Mahakama ya Kadhi. Mama yake mpwa wangu ana fungu lake, ami zake wana mafungu yao, na mmoja yuko Mombasa hapokei simu. Na kama nyumba ni wakfu, hapo hapana kuuza wala kugeuza kwa matakwa ya mtu, kuna msimamizi na masharti ya aliyeiweka wakfu. Uliza hilo siku ya kwanza. Nimewahi kuchora ghorofa nzima, ngazi, choo, yote, ya nyumba iliyokuja kujulikana ni wakfu wa msikiti. Sikulipwa.

Faida ya Mkomani ni kwamba pingamizi huja mapema, na huja kwa mdomo. Utalisikia barazani baada ya alasiri, kabla mpimaji hajaja. Mtu atakuuliza, "Nasikia mwapandisha?" na hapo mazungumzo yameanza. Ukiyakubali, yanakwisha kwa kuhamisha dirisha. Ukiyadharau, yanahamia kwa imamu, kwa mwakilishi wa wadi, Makumbusho, na wakati huo hakuna anayezungumza habari za dirisha tena.

Malindi, na majirani wake wa aina mbili

Mtu anayesema "majirani wa Malindi" hajasema kitu mpaka aseme upande gani.

Upande wa majumba ya bustani, kama Casuarina na Silversands, jirani mara nyingi hayupo. Yuko Italia, au Nairobi, na nyumbani kuna mlinzi. Mlinzi hupiga picha ya ubao wako wa tangazo, na wiki ya pili unapokea barua ya wakili. Ndani yake hamna maneno ya kiwanda wala buibui. Mna hesabu: fleti nane zina magari mangapi, zitatoa maji taka kiasi gani, kivuli kitaangukia bwawa la nani, na je, hati yako inaruhusu? Hilo la mwisho ndilo kisu. Hati nyingi za kupangishiwa ardhi zina masharti maalumu nyuma yake, na sharti la kawaida ni nyumba moja tu ya kuishi. Dalali hakusomei ukurasa huo. Usome mwenyewe, au umlipe mtu akusomee, kabla ya kutoa hata senti ya rubuni.

Upande wa mitaa, Maweni (si ile ya Manda), Kisumu Ndogo, Muyeye, Barani, pingamizi la kwanza halihusu jengo. Linahusu ardhi ni ya nani. Pwani tuna jambo ambalo mtu wa bara huchukua muda kulielewa: nyumba bila ardhi. Mtu ana nyumba, ameirithi, anaweza kuiuza, lakini udongo ulio chini ni wa mwingine na kila mwezi au mwaka analipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi amezoea kukubali nyumba ya udongo na miti. Fleti ya ghorofa tatu ni jambo jingine kabisa. Ukinunua nyumba ya namna hiyo ukidhani umenunua kiwanja, atakayekuzuia hatakuwa jirani, atakuwa mwenye ardhi, na hatahitaji siku 14 za rufaa. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, linganisha namba, kisha uende kiwanjani na mpimaji mwenye leseni atafute mawe ya mpaka. Muulize bibi anayeuza mahamri pembeni kiwanja ni cha nani. Nasema hivi bila mzaha, bibi huyo ameniokolea wateja wawili.

Kwenye maji taka, Malindi ina hoja nzito kuliko Lamu kwa sababu jengo ni kubwa. Sehemu kubwa ya mji inategemea mashimo. Fleti nane zikijaza shimo, gari la kunyonya linatakiwa liwe na njia, na njia hiyo mara nyingi ni uchochoro wa jirani. Chora njia ya gari hilo kwenye ramani, hata kama hakuna aliyekuuliza. Maji safi hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na bomba likikauka wapangaji wako wote watahamia kwenye kisima chako. Jirani mwenye kisima chake anayajua haya kabla yako.

Uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu sana na mji, kwa hiyo jengo refu kwenye njia ya ndege linahitaji ruhusa ya kimo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watu husahau hili kwa sababu hakuna jirani anayelitaja. Na kiwanja cha ufuoni kina lake: kanuni za upimaji huacha ukanda usiopungua mita 60 kutoka mstari wa maji kujaa pale ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe. Muuzaji akikuonyesha jiwe la mpaka lililolowa, cheka, mshukuru, nenda zako.

Kisha kuna tathmini ya athari kwa mazingira, inayopelekwa NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Kwa fleti usiipuuze. Mtaalamu wake huzunguka na fomu za maoni kwa majirani, na hapo ndipo watu wengi hufanya ujanja wa kuzijazia fomu ofisini, mkono mmoja, kalamu moja, majina kumi. Ujanja huo una mwisho mbaya, na mfano uko hapa Lamu kwetu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, wa megawati 1,050, ulikuwa na leseni ya NEMA na kampuni kubwa nyuma yake. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) likaifuta leseni hiyo, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama mradi ule ulianguka kwa hilo, fomu zako kumi za kalamu moja zitasimama kwa nguvu gani?

Lakini na Malindi ina faida yake. Pingamizi la karatasi lina tarehe. Linajibiwa kwa karatasi, linasikilizwa, linaamuliwa, na likishaamuliwa unaweza kuendelea hata kama jirani hakusalimii. Lamu ukishinda kwa karatasi umepata ghorofa, lakini utapita mbele ya baraza ile kila siku maisha yako yote, na siku ya maziko yenu utahesabu nani hakuja.

Nani aende wapi

Mwenye pesa nyingi kuliko ndugu aende Malindi. Nasema kwa uwazi. Kama huna mtu wa kukukalia barazani, kama wewe ni wa simu na wakili, na una hati ya jina lako iliyopekuliwa, Malindi itakusumbua kwa njia unayoweza kuilipia. Utalipia mpangaji wa mji aliyesajiliwa, tangazo la gazeti, mtaalamu wa mazingira, msanifu, mhandisi, usajili wa kazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ni orodha ndefu lakini ina mwisho. Tafuta kiwanja ambacho mtaa wake tayari una fleti. Kuwa wa tano ni rahisi, kuwa wa kwanza ni kupigana vita vya watakaokufuata. Na usinunue kwanza ukaomba baadaye. Andikianeni mkataba unaosema mauzo yanakamilika ruhusa ya kubadilisha matumizi ikitoka. Muuzaji akikataa kabisa sharti hilo, amekuambia jambo muhimu kuhusu kiwanja chake.

Mwenye ndugu wengi kuliko pesa, na nyumba ya urithi iliyokwisha gawanywa, abaki Lamu, lakini apunguze tamaa. Vyumba viwili badala ya vinne. Boriti na chokaa, si zege. Ghorofa irudi nyuma kidogo kutoka ukuta wa pamoja, na upande wa kiwanda cha jirani usiwe na tundu hata la hewa. Kabla ya ramani, mimi husimamisha miti minne juu ya paa na kuifunga kamba kwenye kimo kitakachofikiwa, nikaiacha wiki nzima. Majirani wakaione kutoka viwandani mwao, asubuhi na jioni. Kamba hiyo ni ya shilingi chache na imenipunguzia safari za ofisini kuliko barua yoyote. Atakayeona kamba inamkata jua atakuja kusema, na kamba hushushwa kwa dakika mbili.

Mwenye pesa na ndugu wote, fanya vyote. Huyo hahitaji ushauri wangu.

Na anayetaka fleti nane ndani ya Mji wa Kale asiendelee kusoma. Hilo halipo.

Mpwa wangu nilimwambia haya yote kwa simu, usiku, kwake ni joto la Doha na kwangu umeme umekatika. Malindi tulipekua: kiwanja kilikuwa kimeandikwa kilimo, na hati ilikuwa na jina la mtu ambaye si yule aliyekuwa akituuzia. Dalali alisema ni mambo madogo. Tumeyaacha hayo madogo kwake.

Sasa tuko Mkomani. Ami wa Mombasa amepokea simu. Kamba imekaa juu wiki moja. Mzee wa nyuma hakusema kitu, na hilo kwake ni kukubali. Mama wa nyumba ya pili ameomba jambo moja, ukuta wa paa upande wake upandishwe mpaka mtu mrefu akisimama asionekane kichwa. Fundi akanisimamisha mimi apime. Mama akachungulia kutoka kiwandani, akaniona nilivyo, akasema hapana, huyo ni mfupi, mtafutieni mwengine. Tukamwita hamali mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni wa soda, akapanda, akasimama wima, na alama ya chokaa ikapigwa juu ya kofia yake.